Watazamaji wa Koo Moja

Dada yangu hakuwahi kuolewa wala kuzaa, lakini mtaa mzima ulimwita Mama Mkwe. Jina hilo alilipata jukwaani. Kwa miaka mingi aliigiza katika mchezo wa Ufunguo Kiunoni, kisa cha mama anayetembea na ufunguo wa stoo kiunoni ili mke wa mwanawe asipime hata kikombe cha unga bila ruhusa. Watu walimpenda kwa kumwogopa. Mabinti walioolewa juzi walimpisha njia kwanza, ndipo wakakumbuka kucheka.

Mchana alipiga pasi katika duka langu la dobi. Mimi nilifua na kupokea wateja, yeye alikaa na pasi yake karibu na dirisha, midomo ikicheza bila sauti, mvuke ukimpanda usoni. Kola ikitoka mkononi mwake ilisimama kama askari.

Mchezo wenyewe aliutunga mtu tuliyemwita Mtunzi, kiongozi wa kundi lao. Hilo hakuna aliyebisha. Lakini alipouleta mara ya kwanza, mama mkwe alikuwa na sentensi chache za kugomba tu, kama mbwa wa mlangoni. Dada ndiye aliyemtia damu, na damu yenyewe ilikuwa ya mama yetu. Mama hakuwa mtu wa kupaza sauti. Aling'ata huku anapuliza. "Sikukatazi kulia, mwanangu, lakini lia huku unafagia." "Kula, kula tu. Nikifa utajua pa kuweka kijiko." Dada aliyachukua maneno hayo mama angali hai, akayapeleka jukwaani jinsi yalivyo. Mama alipofariki, mimi nilikuwa nakwenda kukaa viti vya nyuma ili nimsikie tena.

Kisha kampuni ya televisheni ikaununua mchezo ule iufanye tamthilia. Kundi zima likaitwa ukumbini. Dada alivaa gauni lake la bluu, akaniomba nifunge duka niende naye. Mtunzi akasimama akagawa nafasi. Alipofika kwa mama mkwe akasema kampuni imempata binti mmoja, yule wa matangazo ya sabuni.

Dada alidhani hakusikia vizuri. "Mama mkwe nani?"

"Dada yangu, kamera haina adabu," Mtunzi akamwambia mbele ya watu wote. "Jukwaani mtu anakuona kwa mbali. Kule inaingia mpaka ndani ya kunyanzi. Watazamaji wa siku hizi wanataka mama mkwe wa kutazamika." Mtu mmoja nyuma akacheka. "Lakini sijakusahau. Sehemu ya tatu kuna jirani anapita na ndoo."

"Anasema nini?"

"Anapita tu."

Dada alishukuru, akatoka. Tulirudi dukani. Akachukua suruali ya mteja akaipiga pasi, akaigeuza, akaipiga tena, mpaka ule mkunjo wa mbele ungeweza kukata mkate. Ndipo akasema, bila kuniangalia, "Huyu mtu nitamla. Wala sitammeza. Nitamtafuna."

Sikumzuia. Mama alikuwa wangu pia.

Tamthilia ilianza, nasi tukaitazama kwenye televisheni ndogo ya dukani pamoja na wateja. Yule binti, ambaye dada alishampachika jina la Kipusa, alipakwa unga mweupe nywelani kama mtu aliyetoka kusaga mashineni. Maneno ya mama yetu aliyapigia kelele. "Lia huku unafagia!" alifoka, mshipa ukamsimama shingoni. Nilihisi kama mtu amempiga mama kofi mbele yangu.

Wateja hawakuwa na habari hiyo. Mke wa fundi viatu alisema nyumba waliyorekodia ni nzuri, hasa mapazia. Mwalimu wa shule ya jirani alisema yeye aliona mchezo wenyewe zamani, lakini huu una rangi zaidi. Dada aliwasikiliza wote, pasi ikienda na kurudi.

Kila Jumamosi alasiri redio ilikuwa na kipindi cha watazamaji kupiga simu watoe maoni juu ya tamthilia hiyo. Jumamosi ya kwanza dada alichukua simu yangu akaingia chumba cha nyuma, katikati ya makoti yaliyotundikwa, ili sauti isitoke nje. Mimi nilibaki na redio, nimeishusha sauti. Nikasikia mzee akikohoa.

"Hujambo, binti yangu," mzee akamwambia mtangazaji. "Mimi ni babu mstaafu. Mchezo huu nimeuona jukwaani mara nyingi kuliko nilivyoyaona meno yangu. Sasa naomba kuuliza. Huyu mama mkwe wenu anampigia nani kelele? Mwenye ufunguo ana haja gani ya kupiga kelele?"

Mtangazaji alicheka mpaka akaomba maji. Babu akaendelea polepole, akamchambua Kipusa kama karanga, kisha akamgeukia Mtunzi. "Aliyetunga alikuwa na almasi. Akaona haing'ai, akaipaka rangi ya ukuta."

Dada alipotoka kwenye makoti, macho yalikuwa yanawaka. Nilimpa maji. "Simu yako wataijua," alisema. "Wiki ijayo niazimie ya jirani."

Nikawa kuwadi wa simu. Nilimwazima muuza vitambaa, nikamwazima kinyozi, nikasema yangu haina chaji. Na kutoka katika makoti yale wakazaliwa watu. Alikuwepo mwanafunzi wa uuguzi, mwenye sauti ya puani, aliyesema Kipusa anatembea kama mgonjwa aliyetoka kuchomwa sindano. Alikuwepo dereva wa lori: "Nimesimamisha gari pembeni niseme hili, maana nikiendelea na hasira hii nitaua mtu." Alikuwepo mjane aliyeishi na mama mkwe wake nyumba moja mpaka wakazeeka wote wawili. "Hakuamka hata siku moja akapaka wanja ndipo akapime mchele," alisema mjane, akalia kidogo. Nami huku nje nikalia naye, ingawa namjua.

Hao wa kubuni wakawavuta wa kweli. Watu walianza kupiga simu wakisema, "Mimi namuunga mkono yule babu." Mwalimu alikuja kuchukua mashati yake akatangaza kwamba mwenye ufunguo hana haja ya kelele, kana kwamba hekima hiyo ilimshukia akiwa bafuni. Hata mke wa fundi viatu aligeuka. Mapazia, alisema, hayaokoi nyumba. Dada aliinamisha uso juu ya pasi ili wasimwone anavyocheka.

Siku moja Mtunzi mwenyewe akaingia dukani na suti mkononi. Alikuwa amekonda. Redio ilikuwa imemwita awajibu watazamaji moja kwa moja, na kampuni imemwambia asipowatuliza tamthilia itakatwa.

"Wananimaliza," alimwambia dada, akajitupa kwenye kiti cha wateja. "Hasa babu mmoja. Sijui nani anamlisha maneno."

"Babu gani?" dada akauliza.

"Wewe husikilizi redio?"

"Kazi ni nyingi."

Mtunzi akasogeza kiti. "Dada yangu, nisaidie. Njoo umfundishe yule binti hata kukaa tu. Kukaa kwako peke yake kulikuwa kunatisha watu."

"Na jina langu litaandikwa?"

"Hilo tutaona."

"Basi hapana," alisema dada kwa upole. "Kamera haina adabu, lakini mimi ninayo, ndiyo maana nakujibu vizuri."

Alipoondoka, dada aliipiga suti ile pasi kama ya bwana harusi, mpaka ndani ya mifuko. Nilimuuliza kwa nini anajisumbua. "Mtu anayekwenda kuzikwa," alisema, "hapelekwi na makunyanzi."

Jumamosi nilifunga mlango wa duka tukaingia wote kwenye makoti na redio. Mtunzi alianza vizuri. Aliwapaka watazamaji mafuta, akasema yeye ni mtumishi wao. Mtangazaji akampokea babu, na Mtunzi akaruka juu. "Mzee wangu, wewe ndiye niliyekuwa nakungoja! Katika watazamaji wote, wewe ndiye unayeijua sanaa. Niambie unataka nini, nitafanya."

"Nina swali moja tu, mwanangu," babu akasema. "Maneno yale, lia huku unafagia, uliyatoa wapi?"

Mtunzi alicheka kwa raha. "Hayo, mzee, yalitoka hapa kichwani. Niliyaandika asubuhi moja, peke yangu, mezani kwangu. Mungu akikupa kipaji amekupa."

Dada alinitazama. Sijasahau alivyonitazama. Kisha sauti ya babu ikamtoka, kama mtu anavyotua mzigo, na badala yake ikaja sauti nyingine, ya chini, tamu, isiyo na haraka.

"Rudia, mwanangu. Rudia nisikie vizuri."

Ilikuwa sauti ya mama. Mtunzi aliijua, maana amekula sana kwetu. 

"Maneno hayo ni ya mama yangu mzazi," dada akasema, sasa kwa sauti yake mwenyewe. "Uliyasikia jikoni kwetu, umekalia kigoda, sahani yake mkononi mwako. Ulicheka mpaka ukapaliwa, akakupiga mgongoni usife. Leo unasema meza yako ndiyo iliyoyazaa?"

"Samahani," mtangazaji akaingilia, "babu yuko wapi?"

"Babu ni mimi. Mwuguzi ni mimi. Dereva na mjane ni mimi. Huyu bwana alisema watazamaji hawawezi kunitazama. Nikaona basi wanisikilize."

Tulimsikia Mtunzi akisema, "Dada yangu, hebu…" Halafu wakaweka wimbo.

Tamthilia ilikatwa kabla ya kufika mwisho. Mtunzi akaacha kupita mtaa wetu. Suti zake zikawa zinakwenda kwa dobi wa ng'ambo ya daraja. Watazamaji waligawanyika. Wako waliosema dada aliwadanganya, na walikuwa na haki. Kuna mzee mmoja wa kweli alipiga simu akalalamika kwamba alimpenda yule babu, sasa ataongea na nani. Redio ikampiga dada marufuku. Yeye hayo yote aliyapokea kama mtu anayekula chakula alichokipika mwenyewe, bila haraka, akilamba vidole.

Kipusa alikuja siku ya kazi, katika gauni la kawaida, bila hata kipodozi. Nilichelewa kumtambua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Akasimama mbele ya meza ya pasi. "Nilikuwa nasikiliza kila Jumamosi. Yule dereva wa lori alinifanya niache kula." Dada akageuza kola. "Mimi sikuomba nafasi yako. Niliitwa."

"Najua."

"Sasa kwa nini mimi?"

"Ulikuwa umesimama mbele ya Mtunzi," dada akasema.

Binti alingoja labda kuna neno jingine. Halikuja. Akaaga kwa heshima, akaenda zake. Baadaye tulisikia hata matangazo ya sabuni wamempa mwingine.

"Huyo ungemwomba radhi," nilimwambia dada.

"Nimwombe radhi, halafu nimrudishie nini?"

Alasiri ile aliunguza shati la mteja, jambo ambalo sikuwahi kuliona tangu tufungue duka. Alilitazama lile doa la kahawia, akalikunja shati akaliweka chini ya meza, akachukua jingine. 

Baadaye akapigiwa simu na mwanamume anayeandaa michezo ya kuigiza katika redio nyingine. Walikuwa wanatengeneza mchezo kutoka riwaya moja inayopendwa sana, na walihitaji mtu wa kuigiza mkuu wa gereza la wanawake. Alikuwa amesikia mambo ya yule babu, akasema sauti kama hiyo haifai kuozea kwenye simu. Dada alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza redio yao inafika wapi. Dada akautaja mtaa anaokaa Mtunzi.

"Hapo tunasikika safi kabisa, mama," mwanamume akasema. "Una ndugu huko?"

"Kuna mtu wangu," dada akajibu. "Basi nakuja."

Siku ya kwanza ya kurekodi nilimsindikiza mpaka kwenye geti lao. Alivaa gauni lake la bluu, akaingia bila kugeuka. Mimi nikarudi dukani, nikawasha pasi.