Cheti cha Devota

Kuna siku moja, Mwanangu, huwa inanirudia nikiwa nimekaa tu hapa Nsemulwa, macho nimefumba, uji unapoa. Naliona ziwa jeupe kama maziwa, nasikia harufu ya dagaa mchangani, na sauti ya mama mmoja inaita jina lisiloitikiwa. Jana uliponiambia kuna mtu atakuazima cheti ili uingie chuo cha ualimu, siku hiyo ilirudi yote.

Nilikuwa nimefeli kidato cha nne. Binamu yangu Devota, ambaye alifaulu na kuchumbiwa hapohapo, akanionea huruma. "Chukua changu uende chuo," akasema. "Mie naolewa, cha nini?" Nami ualimu niliutaka kuliko chakula. Nikadandia lori mpaka Kapalamsenga, kule ziwani, kumwuliza dada mmoja wa kwetu Kabungu aliyepita njia hiyohiyo. Nyumbani aliitwa Nyamizi. Shuleni, kwa cheti cha ndugu yake, alikuwa Mwalimu Skolastika.

Na alikuwa mwalimu mzuri, nisimsingizie. Baada ya masomo tulishuka naye ziwani, watoto wamemshika sketi, upepo unavuma polepole, naye ananieleza mambo yalivyo rahisi.

"Mwanzoni tu ndo shida, mdogo wangu. Baadaye unazoea."

Lori lingine likasimama barabarani. Akashuka mama yake mzazi, kifurushi cha unga kichwani. Alikuwa hajamwona mwanawe siku nyingi, furaha ikampanda.

"Nyamizi! Nyamizi weee!"

Dada yule hakugeuka. Niliiona shingo yake imekakamaa. Watoto ndio waliogeuka.

"Mwalimu, yule bibi anamwita nani?"

"Simjui," akasema.

Mama alikuwa ameshatufikia. Akamtazama binti yake, akawatazama wale watoto, akaelewa. Mpaka leo sijui nguvu alizipata wapi. Akainama kidogo kwa heshima, kama mgeni mbele ya mwalimu wa watu.

"Samahani, Mwalimu. Nimekufananisha na mwanangu."

Unga akanikabidhi mimi. Kisha akaenda kukaa kando ya barabara kusubiri lori ligeuze, na hakutazama nyuma tena.

Nyamizi aliusonga ugali wa unga ule, akashindwa kuula. Alilia hadi nikaogopa. "Rudia mtihani, Yusta," akaniambia. "Rudia hata ukizeeka." Yeye aliendelea kufundisha miaka na miaka, watoto wakimpenda, mpaka uhakiki wa vyeti ulipomkuta akiwa karibu kustaafu. Aliondoka bila kuagwa.

Mimi nilimrudishia Devota cheti chake, nikarudia mtihani, nikafeli, nikarudia tena. Nilifika chuo, wakufunzi wakaja kunikagua nikifundisha, jasho likinitiririka mgongoni. Siku ya kupewa vyeti walipoita jina langu niliitika kwa kelele, ukumbi mzima ukacheka. Mama yangu alicheka kuliko wote.

Najua nyie mnalalamika, Mwanangu. Usaili, uhakiki, usajili, mara leseni, mtu anachoka hata hajashika chaki. Hata mimi ningenung'unika, sikufichi. Lakini mzazi anayemleta mtoto wake asubuhi ana haki ya kujua anamwachia nani. Hao wanaokukagua wanauliza wewe ni nani kwa ajili ya mzazi huyo, na jibu lazima liwe moja, shuleni na nyumbani.

Kwa hiyo cheti cha watu kirudishe leo. Jiandikishe urudie mtihani, na hisabati nitakaa nawe mwenyewe hapa barazani, ingawa macho yangu unayajua, hayaoni vizuri tena. Ukifeli tutacheka kidogo, tutaanza upya.

Mungu akupe darasa lililojaa watoto na sauti isiyokauka. Na siku nikija shuleni kwako na kifurushi changu cha unga, nikakuita kwa jina lako mbele ya watu wote, akujalie ugeuke.