Nilimtangazia Mdogo Wangu Uchawi, Kumbe ni Buti

Mimi ndiye niliyekosa. Naomba jina langu lisiandikwe. La mdogo wangu nimeshalichafua, na hilo moja linatosha.

Ninaishi Mpemba, mji mdogo karibu na Tunduma. Mdogo wangu amebaki kwetu Mbebe, milimani. Tuliwahi kugombania mpaka wa shamba la marehemu baba, wazee wa kanisa wakatupatanisha. Yeye alisamehe. Mimi nilimpa mkono tu.

Shangazi yetu akafariki, ng'ambo ya milima. Mvua ilikuwa imekata barabara, ikabidi tutoke Mbebe pamoja kwa miguu, kutwa nzima. Nilivaa buti za mtumba nilizonunua Tunduma. Zilinibana, lakini nilitaka waombolezaji waone kwamba nimetoka mjini. Nikavaa soksi mbili, nikakaza kamba.

Mdogo wangu alitangulia kama alivyozoea tangu utoto, maana njia anaijua. Mahali fulani akageuka.

"Pita huku, kaka. Kule kunateleza."

Nikapita. Lakini nikajiuliza, mbona yeye mwenyewe kapita kule?

Jua lilipopanda, miguu ikaanza kujaa. Kwetu mtu akivimba miguu njiani, watu hawaulizi amevaa nini. Wanauliza amekanyaga nini, na nani kamtegea.

"Kaka, unachechemea. Vua hizo buti, uinue miguu juu ya hili jiwe."

"Ziache."

"Basi legeza kamba. Safari ndefu inajaza miguu, hata yangu imejaa. Vaa kandambili zangu, mimi nitaenda peku."

Anataka nivue aone kazi yake imefikia wapi, nikawaza. Na hizo kandambili, kazipaka nini?

Kwenye kijito akaloweka miguu, akaanza utani. "Njoo, kaka. Au buti la mjini linaogopa maji ya kijijini?"

Sikucheka. Nilikuwa naitazama mikono yake, isije ikatia kitu majini.

Nilifika msibani naegemea fimbo. Mama mmoja akashika kichwa. "Jamani, baba, umekanyaga nini?"

Swali hilo ndilo nililokuwa nalisubiri. Nikanyoosha kidole mbele ya watu wote. "Muulizeni huyu. Ndiye aliyenichagulia pa kupita."

Mdogo wangu akageuka, akaonyesha suruali yake nyuma. Ilikuwa imeganda tope, nami nilimfuata nyuma kutwa nzima bila kujiuliza limetoka wapi.

"Kule nilianguka, kaka. Ndiyo maana nikakwambia upite huku."

Akaondoka. Hakumzika shangazi, na shangazi huyo ndiye aliyemlea.

Jioni ile buti zilinitoka kwa kukatwa kamba kwa kisu. Alama za kamba zilikuwa zimezama kwenye nyama. Wakanilaza, miguu juu ya gunia la mahindi. Asubuhi ilikuwa imenywea. Uchawi gani huo unaoisha kwa kuvua kiatu?

Nilikwenda kwake kuomba radhi. "Yamekwisha, kaka," akasema. Hayakwisha. Maneno yangu yalifika Mbebe kabla yangu. Watoto wa majirani wanakatazwa kucheza uani kwake. Shemeji yangu akipeleka chakula msibani, sufuria inarudi kama ilivyokwenda. Nikasimama kanisani nikasema wazi kwamba nilimsingizia. Unajua walivyosema? Kwamba mdogo wangu kanifunga akili. Wasiwasi nilioupanda mimi, sasa nashindwa kuung'oa.

Wenzangu mnaotembea mbali, vaeni kiatu chenye nafasi, kwa sababu mguu wa asubuhi si mguu wa alasiri. Legezeni kamba, pumzikeni, inueni miguu. Uvimbe ukikataa kushuka, nendeni hospitali. Lakini kagueni kiatu kabla ya kumkagua ndugu.

Juzi nilikuwa Mbebe, tukaenda shambani pamoja. Kwenye njia nikasimama, nikimsubiri atangulie kama zamani.

"Hapana, kaka," akasema. "Tangulia wewe. Mimi nitakanyaga ulipokanyaga."