Sauti ya Mume Wangu Ilivunjika Lini?

Wiki hii nilikaa mbele ya daktari wa watoto hapa ugenini Rinkeby nimekumbatia mkoba, maana mwanangu wa miaka tisa ameota ndevu na sauti imekuwa nzito, nami kichwani nilikuwa nimeshamzika. Daktari akauliza, "Baba yake alibalehe akiwa na miaka mingapi?"

Nikamgeukia mume wangu. Akakuna goti. "Sikumbuki."

"Basi mpigie mama!"

"Nimuulize mama mambo hayo?"

Kwetu mtoto wa kiume hamuulizi mama yake hayo, na mkwe ndiyo kabisa. Nikanyakua simu, nikapiga Bujumbura, nikaweka spika. Mama mkwe akacheka. "Huyo? Darasa la nne walimtoa kwaya ya watoto, ananguruma kama trekta. Na baba yake vilevile."

Nikatafsiri kwa Kiswidi. Daktari akasema huenda ni ya kurithi, ila atapima damu kuhakikisha. "Na huyo babu, afya yake?"

Mama mkwe hakucheka tena. "Presha na sukari, mwanangu. Hakuuona uzee."

Daktari akasema wanaowahi kubalehe hivyo si lazima wapate maradhi hayo, ila hatari yao ni kubwa kidogo, kwa hiyo mtoto atafuatiliwa. Kisha akamnyooshea mume wangu kalamu: "Wewe ulipima presha lini?"

Akakuna goti tena, kisha akakunja mkono wa shati.

Nilipoposwa, wajomba zangu waliuliza kama ukoo ule una kifafa, walevi au wachawi. Wenye mabinti, waulizeni waposaji swali la ziada: wanaume wa ukoo wenu huvunja sauti lini?