Shati Lenye Kitanzi Mgongoni

Goti langu lilipokataa kazi, mwanangu alinitoa kijijini Kola akaniweka kwake mjini Mlolongo, ghorofa ya tatu. Nilikataa kutoka bila sanduku langu la bati, kwa hivyo nalo likaja.

Yeye na bibi yake wakienda kazini, walikuwa wananifungia. Mlango uko na geti la chuma, geti liko na kufuli, na ufunguo ulikuwa unashinda Nairobi kwa mfuko wa mtu. Hii ni kwa sababu wiki ya kwanza nilivuka barabara ya Mombasa nikitafuta mboga, lori likapiga breki mpaka likalia kama punda.

"Mwaitu, ni kwa usalama wako," aliniambia. Mwaitu ni mama, lakini siku hiyo aliniita vile mtu anaita mtoto.

Mimi nilizaa saba. Nilichimba matuta ya shamba lote kwa mikono hii. Sasa nilikuwa mtu wa kuangalia malori kwa dirisha, na hapa duniani nilitaka kitu kimoja tu, ule ufunguo.

Mwezi wa saba baridi ikaingia. Nikafungua sanduku nitafute sweta. Juu kulikuwa na kofia ya marehemu mzee wangu. Chini yake, marinda ya wasichana wangu. Niliyashona kwa mkono kutoka pazia moja, maua yale yale kwa watoto watatu, na kanisani wakasema nimezaa madirisha. Halafu mkono ukagusa kitu kigumu.

Lilikuwa shati dogo la khaki, nililolikata kutoka koti la kazi la mzee. Mgongoni lilikuwa na kitanzi cha kitambaa, nimekishona mara nne kwa uzi wa gunia.

Nikakaa kitandani nalo. Mtoto aliyelivaa alikuwa wa kutoroka. Alipojua kutembea tu, njia yake ilikuwa moja, bwawa la kunyweshea ng'ombe, na mtoto wa jirani alikuwa amezama hapo. Sikuwa na wa kumwachia. Nikasokota kamba ya katani kwa paja, nikaipitisha kwa kitanzi, nikamfunga kwa nguzo ya ghala, nikaenda kulima. Alilia siku mbili. Ya tatu akanyamaza, nikasema amezoea.

Sasa mimi mwenyewe nilikuwa nimenyamaza wiki tatu, na sikuwa nimezoea.

Jioni nikalitandika shati mezani. Mwanangu akalicheka. "Hii ni ya nani, ya mbuzi?"

"Ni yako." Nikamweleza yote.

Akaingiza kidole kwa kitanzi, akavuta. Hakikukatika.

"Sasa unasema ulinikosea?"

"Sikukukosea. Uko hai."

"Basi na mimi nakuweka hai."

"Wewe ulikuwa na miaka miwili. Mimi nimemzika baba yako."

Bibi yake akaangalia sahani. Chai ikapoa mbele yetu sisi watatu.

Asubuhi nikasikia wakitoka. Nikangoja mlio wa kufuli. Nikasikia tu viatu vikishuka ngazi. Nilipoenda kuangalia, kufuli lilikuwa linaning'inia wazi, ufunguo ndani yake.

Nilivaa leso yangu nzuri. Nikashuka ngazi moja moja, nikiegemea ukuta, na goti likinitukana njia yote. Chini, kwa geti kubwa la nje, nikamkuta askari, mzee wa rika langu, amekalia kiti kilichovunjika mguu. Akasimama katikati ya njia.

"Mama, kijana wako amesema mwisho wako ni hapa."

Nikamwangalia. Nyuma yake malori yalikuwa yanapita, na upande ule mwingine wanawake walikuwa wamepanga sukuma wiki. Hatua arobaini hivi. Aliona naangalia, akafunga geti polepole, kama mtu anayeona haya.

Nikamwambia basi alete kiti, na kisiwe kile kilichovunjika mguu.