Mtamba wa Sikukuu ya Mavuno

Baba yangu hujiita mkulima. Tangu niache shule kidato cha pili nimezunguka vya kutosha, nimepakua magunia Daraja Mbili mjini Arusha, nimelinda magari, nimeishi na mafundi viatu, na kila mahali nimemkuta mtu anayejisifia kazi ya mwenzake. Baba amewapita wote. Shamba letu liko juu ya Olmotonyi, jirani na msitu. Kahawa aliyoipanda babu bado ipo, na baba huitembelea asubuhi, mikono nyuma, kama mkaguzi. Anayepogoa, anayebeba samadi na kupalilia migomba ni mama.

Mwaka jana nilirudi nyumbani kwa sababu moja tu: mtamba wa mama alikuwa na mimba, na mimi sikuwa nimewahi kuona ng'ombe akizaa. Mtamba huyo aliletwa kwetu akiwa ndama mgonjwa, zawadi ya dada yake mama, ambaye alikuwa amekwisha kumkatia tamaa. Mama alimlaza jikoni, akamnywesha maziwa kwa chupa ya soda. Tangu hapo kila siku alimkatia majani msituni, akirudi ameinama chini ya mzigo kiasi kwamba kwa mbali ungedhani majani yanatembea yenyewe. Aliniambia kuwa mtamba akizaa, maziwa yatakuwa yake, na hataomba tena hela ya chumvi.

Baba ni mzee wa kanisa. Wiki moja kabla ya sikukuu ya mavuno, mzee mwenzake alisimama mbele ya usharika akaahidi mbuzi. Baba hakuweza kuvumilia. Naye akasimama, akasafisha koo, akatangaza kwamba nyumba yake itamtolea Bwana mtamba mwenye mimba. Watu wakapiga makofi. Kaka yangu mkubwa, mtu wa ofisini anayekaa Sekei na ambaye hupita zizini ameziba pua, alipiga kuliko wote.

Njiani mama aliuliza, "Mzee, mtamba gani?"

"Kwani tuna mitamba wangapi?"

"Sisi hatuna. Mimi ninaye mmoja."

"Mama watoto, usianze. Hiyo ni sadaka."

Mama akanyamaza, nami nikamdharau kwa kunyamaza. Wiki iliyofuata nilijidharau zaidi, maana baba alisema "Mlete," nikamleta. Mimi niliyezoea kubishana na mgambo mjini, nilishika kamba hadi uwanja wa kanisa bila kusema neno.

Mnada wa sadaka ulianza baada ya ibada. Ilipita mikungu ya ndizi, wakapita kuku, yakapita mayai. Mnadi alikuwa muuza nyama wa kijijini, mtu wa mzaha.

"Haya, mali hii hapa! Unanunua mmoja, unafuga wawili! Lakini kwanza tumsikie mwenye nyumba. Yeyo, njoo, neno moja la shukrani."

Yeyo ndivyo tunavyowaita mama zetu. Mama alisogea mbele taratibu, akaifunga vizuri kanga yake.

"Shikamooni wakubwa. Nashukuru. Ila mtamba huyu ni wangu, na sikuulizwa. Atakayemnunua amnunue akijua hivyo."

Mnadi akamtazama mchungaji. Mchungaji akatazama viatu vyake. Hakuna aliyetaja bei.

"Basi baba atoe kilicho chake!" akapaza sauti bibi mmoja wa kwaya.

"Kipi?" akauliza mwenzake. "Ana nini?"

Watu wakamkagua baba toka juu hadi chini. Walianza kwa kucheka, kisha wakawa wanafikiri kwelikweli, na bado hawakupata jibu.

"Koti!" akasema yule bibi. "Koti si lake?"

Mnadi hakungoja. "Koti la sufu, jamani! Halijawahi kuingia shambani! Halina hata tone la jasho!"

Kaka yangu alijifanya anapokea simu, akaenda kusimama nyuma ya gari lake. Baba alivua. Angefanya nini, mbele ya usharika mzima? Koti lile liligombewa kuliko kitu chochote siku ile, na aliyelipata ni yule mzee wa mbuzi, akalivaa palepale na kufunga vifungo vyote.

Tulirudi kwa miguu katika baridi ya Julai, Mlima Meru umezama mawinguni, baba na shati lake jeupe. Tulipofika kwenye mteremko alinyoosha mkono achukue kamba ya mtamba, nadhani ili akikutana na watu aonekane ana shughuli.

"Acha," mama akamwambia, kwa upole kabisa. "Wewe tangulia ukawashe moto, utashikwa na homa."

Akatangulia. Tulipofika tulimkuta amesimama mlangoni mwa jiko, anauliza kiberiti hukaa wapi.