Paa la Zulia la Mama Edson

Hebu jaribu kumwona akija. Mwanamke wa makamo, mrefu, kanga moja kiunoni na nyingine kichwani, jembe begani, anashuka bondeni umande ukiwa bado kwenye majani. Akifika penye mpaka wa bustani mbili, shingo anaielekeza kushoto, kwenye mchicha wake mwenyewe, lakini macho yanabaki kulia. Ukimtazama kwa haraka utadhani shingo inamuuma. Wala haimuumi. Kulia kuna kibanda, juu ya kibanda kuna paa jipya, na Nyamizi ameapa kwamba hataliangalia.

Pale Ushirombo wengi wanamwita Mama Boaz. Mwenye kibanda ni Rhoda, Mama Edson, na usije ukadhani hawa ni maadui. Wamelima bega kwa bega tangu watoto wao wakiwa mgongoni. Mbegu za nyanya wamegawana, makande wamepika chungu kimoja, na mume wa Nyamizi alipofariki, Rhoda alilala naye mkekani mpaka matanga yalipoisha. Ukimkuta Nyamizi peke yake bondeni, swali lako la kwanza lingekuwa, "Mwenzio yuko wapi?"

Na vibanda vyao vilifanana. Vidogo tu, vya kuwekea majembe, ndoo na bomba la kupulizia dawa, vyote vimeezekwa nyasi, na nyasi zenyewe zimeliwa na mchwa mpaka ukiinua macho unaona mawingu. Mvua ikinyesha walikuwa wakiitana kutoka kibanda hadi kibanda.

"Mama Edson, kwako kunavuja?"

"Kuvuja? Huku naoga kabisa, mayu! Nirushie sabuni!"

Wakicheka mpaka mvua inakatika.

Basi, mvua za vuli zilipokaribia, Edson akaja. Kijana huyo yuko machimboni upande wa Geita, kazi yake kulisha mawe kwenye karasha, ile mashine ya kuyasaga. Alishuka kwenye bodaboda na robota kubwa limefungwa nyuma kama maiti, akapita kwa Nyamizi kwanza, kwa adabu zake zote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hujambo? Boaz umemwacha anaendeleaje?"

Edson akakwaruza ardhi kwa kiatu. "Sijakutana naye siku nyingi, mama. Machimbo ni mengi."

Boaz naye aliondoka kwenda kutafuta dhahabu. Simu yake ukiipiga, yule dada wa mtandao ndiye anayepokea, anakwambia haipatikani. Nyamizi ameshaizoea sauti ya dada huyo kuliko ya mwanawe.

Siku hiyo hakulima. Aliinama kwenye tuta moja kuanzia asubuhi, akang'oa magugu yaliyokuwepo na yasiyokuwepo, huku akimchungulia Edson akifanya kazi. Kijana alibomoa nyasi zote, akatoa fito zilizooza, akapanga mpya. Juu yake akavuta turubai. Kisha akalifungua lile robota, na kumbe ni zulia, zulia nene la kijani, limefifia lakini halijatoboka. Akalitandaza juu ya turubai, kingo akazikunja kwa chini, akapigilia misumari, kila msumari umevishwa kizibo cha soda ili usichane. Akamalizia kwa gata la bomba lililopasuliwa katikati, maji yatiririkie kwenye pipa.

"Mama, sasa hata ukilala humo," alisema Edson, "mvua utaisikia redioni tu."

Rhoda akapiga kigelegele. Bonde zima likaja kutazama. Nyamizi naye akaja, mikono nyuma.

"Mama Edson, sasa hapo juu utaswalia au utalala?"

"Nitalala, Mama Boaz! Na wewe nitakukaribisha, leta mto."

Watu wakacheka, na Nyamizi akacheka nao. Alipovuka mpaka kurudi kwake, hakuwa anacheka tena.

Tangu hapo mdomo wake haukutulia. Sokoni alisema zulia lile linanuka beberu. Wiki iliyofuata akasema cheche moja tu ya jiko italishika, na mchicha wa bonde zima utaungua. Halafu akasema linavuja, ameona kwa macho yake. Rhoda aliposikia alisema tu, "Mwacheni, ana mawazo ya mtoto." Neno hilo la huruma ndilo lililomuuma Nyamizi kuliko tusi. Mvua ya kwanza ilipopiga, Rhoda alimwita, "Njoo huku, pakavu!" Nyamizi akajibu kwamba hata kwake ni pakavu, akabaki amesimama chini ya nyasi zake, maji yanamtiririka kutoka utosini hadi kwenye visigino.

Ni pale, akiwa ameloa, ndipo wazo lilipomjia. Zulia la kijani. Alikuwa amewahi kuliona wapi?

Mwaloni! Enzi za usichana wake alifanya kazi kwenye mwalo, huko machimboni. Kama hujui mwalo, ni ubao mrefu uliolazwa mteremko na kutandikwa zulia. Wanawake wanamwagia mchanga uliosagwa pamoja na maji, mchanga unapita, dhahabu inanasa kwenye manyoya ya zulia. Zulia likichakaa halitupwi hata siku moja. Linachomwa, na majivu yanaoshwa, maana bado lina chembe. Hakuna mwenye mwalo mwenye akili timamu anayemgawia kijana wa karasha zulia bure.

"Lo!" alisema Nyamizi kwa sauti, peke yake mvuani. "Edson amemfichia mama yake dhahabu juu ya paa!"

Wivu uliokuwa wa paa ukageuka kuwa wivu wa utajiri. Alimwona Rhoda katika nyumba ya matofali ya kuchoma, Rhoda akishuka kwenye gari, Rhoda akimpungia mkono.

Jumapili, Rhoda akiwa misani kule misheni, Nyamizi alivuka mpaka. Alipindua ndoo, akapanda juu yake, akaingiza kisu chini ya ukingo uliokunjwa penye gata, akafunua.

Dhahabu hakuiona. Katika mkunjo kulikuwa na matone madogo meupe, yanang'aa kama macho ya dagaa. Alipoyagusa yalikimbia, yakaungana, yakagawanyika tena, yakadondoka chini na kupotelea kwenye majani.

Alishuka, akakaa juu ya ndoo. Ilikuwa zebaki, naye alikuwa anaijua. Msimamizi wao wa mwalo alikuwa akiimwaga juu ya zulia lenyewe ili ikamate dhahabu, nao wakiichezea kwa mikono mitupu, wakicheka inavyokimbia. Mmoja wa wasichana wale sasa ni bibi, na kikombe cha chai hawezi kukishika, mikono inatetemeka hadi anyweshwe. Na maji ya paa hili yaliingia kwenye pipa. Na maji ya pipa hilo ndiyo Rhoda aliyochemshia chai kila mchana, kwa sababu kisima kiko mbali.

Alimngoja. Rhoda aliposhuka bondeni na gauni lake la kanisani, Nyamizi hakusubiri hata salamu.

"Mama Edson, maji ya pipa usiyanywe tena. Hilo zulia lina sumu."

Rhoda alimtazama, akaweka mfuko wake chini taratibu. "Kwanza lilinuka. Halafu litaungua. Halafu linavuja. Leo lina sumu?"

"Leo ni kweli."

"Kwa hiyo siku zile ulikuwa unasema uongo."

"Siku zile uongo. Leo kweli. Nimeiona zebaki kwa macho yangu."

"Iko wapi?"

"Imedondoka. Pale kwenye majani."

"Imedondoka." Rhoda akaenda hadi kwenye ukingo uliofunuliwa, akaugusa kwa kidole. "Na wewe ulikuwa unatafuta nini chini ya zulia langu, nami niko kanisani?"

Hapo Nyamizi angeweza kutunga jambo. Lakini alisema, "Dhahabu."

Rhoda alicheka. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa kitambaa cha kanisani. Kisha kicheko kikakatika ghafla. Akampigia Edson pale pale, akaiweka simu kwenye spika. Edson akasema mwenye mwalo alihama akayatelekeza mazulia, naye alilifua zulia hilo kwa sabuni mara mbili, lilikuwa safi kabisa.

"Umesikia?" alisema Rhoda. "Mama Boaz, mwanao kutokupiga simu siyo kosa la mwanangu. Usinivunjie wangu."

Akachukua mfuko wake, akapanda njia ya nyumbani. Hakugeuka.

Alasiri mawingu yakaanza kujikusanya upande wa Kahama, meusi, mazito. Nyamizi alisimama kwenye mchicha wake akisikia radi. Alijaribu kujiambia kwamba amesema, ameshatua mzigo, anayetaka kunywa anywe. Akajaribu kulima. Jembe halikuingia ardhini.

Akaleta ngazi na panga.

Kwanza alilimwaga pipa kwenye shimo la taka, mbali na mboga. Akaling'oa gata. Kwa siku hiyo ilitosha. Mvua ingenyesha na pipa lingebaki tupu, na kesho yake angemtafuta mtu ambaye Rhoda anamwamini, amweleze. Alilijua hilo. Ila alikuwa ameshafika juu ya ngazi, na zulia lilikuwa mbele ya uso wake, kijani, zuri, limevishwa vizibo kwa mkono wa mtoto aliyemkumbuka mama yake. Akaingiza panga chini ya kizibo cha kwanza, akakibandua. Kikaruka. Cha pili. Zulia lilipochanika, lilitoa sauti ndefu, na Nyamizi akahisi kitu kifuani kikifunguka, kitamu, kitamu mno, akaogopa, na mkono haukuacha.

Matone ya kwanza yalipoanguka, alisikia hatua. Rhoda alikuwa amerudi mbio kuanua mboga alizozianika. Alisimama kwenye mpaka, mdomo wazi.

"Nyamizi!" Hakumwita Mama Boaz. "Nyamizi, unafanya nini?"

Nyamizi alimtazama akiwa juu, panga mkononi, kipande cha zulia kimemning'inia begani. Alifungua mdomo aseme anamwokoa. Lilikuwa neno la kweli, lakini alihisi kwamba hata yeye mwenyewe asingelisikia vizuri.

Sasa nikuulize, wewe uliyenisikiliza hadi hapa: ungekuwa ndiye Rhoda, umesimama pale mvua inakunyeshea, ungemwona nani juu ya ngazi ile?