Kavugho na bac iliyopona kwa karatasi

Hii nayoandika hamutaiamini, na mimi sitawabembeleza. Watu wa Kisangani waliwahi kuniita muongo niliposema mvua inanyesha, wao wenyewe wakiwa wamelowa.

Kavugho, binti ya rafiki yangu wa Butembo, anayeniita tonton kama mjomba wake, alikuwa anasoma habari za Kiswahili kwenye redio ya Kisangani, enzi zile za chama kimoja, sote tukiitwa "citoyen", yaani mwananchi, hata mwizi. Ofisi zilituma matangazo yao kila asubuhi, na wasomaji wengine waliyasoma kana kwamba waliona kwa macho. Kavugho hapana. Yeye alitaja kwanza mwenye maneno: ofisi fulani inasema.

Siku moja ofisi ya kivuko ikatuma karatasi: bac ya Lubunga, ile pantoni iliyoharibika, imepona, inavusha watu. Kavugho alikuwa ametoka kuiona ukingoni, mbuzi wamelala juu yake.

Mukubwa wake akamwambia, "Leo soma tu kama bac inatembea. Hiyo 'ofisi inasema' yako iko sawa na kucheka serikali. Ukirudilia, kesho usikuje kazi."

"Bon, chef. Lakini directeur Likaka alitia sahihi yeye mwenyewe. Nikiacha jina yake, atafurahi?"

Chef akakuna shingo. Likaka huyo alivaa abacost mpya, ile suti ya wakubwa wa chama, ili kusikiliza jina lake redioni. "Alors, mutaje," akasema. "Lakini mutaje muzuri."

Akamtaja muzuri. "Citoyen directeur Likaka, wa ofisi ya kivuko, ndiye anayesema kwamba bac inavusha watu tangu asubuhi hii."

Jua halijakaza, wamama wa samaki wa chumvi waliongoja kuvuka wakajaa kwenye baraza ya Likaka, vikapu kichwani.

"Papa," akasema Mama Hadidja, mukubwa wao, "redio inasema ni weye ulisema. Donc, utuvushe."

Harufu ikaingia mpaka chumbani. Likaka akapiga simu redioni: Kavugho afukuzwe leo leo.

"Kwa uongo gani, citoyen?" chef akamuuliza. "Maneno ni yako, sahihi ni yako. Karatasi iko hapa mbele yangu."

Kavugho akabaki na kazi yake, Likaka akabaki na wamama. Ikabidi atafute fundi. Fundi akashindwa. Basi Likaka akavua abacost, akauma kamba kwa meno, akaivuta bac mpaka ng'ambo, mamba wakimupisha, na mimi juu yake nimeshika usukani, nika—

"Tonton," anasema Kavugho nyuma ya bega langu, "siku ile ulikuwa safarini Opala. Andika ni nani alikuambia."